Jina la Kweyu

Gentrix, muuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, wa Shirere, aliishia darasa la nane, lakini alikuwa na simu iliyomjibu kila alichouliza, kwa Kiswahili laini, bila kumcheka. Siku mwanawe Kweyu alipohema kwa kukoroma, majirani walisema ni baridi tu, apakwe mafuta. Simu ikamwambia: mpeleke hospitali sasa hivi. Daktari akasema angekawia angezika. Tangu hapo hakuishuku tena. Nani humshuku aliyemwokolea mtoto?

Babake Kweyu alikuwa Shikanga, dereva wa trekta la miwa, mwenye mke wa ndoa kwao Musanda. Trekta likampindukia. Gentrix akaenda matangani na mtoto mgongoni, akajibanza kwa waosha sufuria, maana hakuna aliyemwonyesha pa kukaa.

Ignatius, kaka mkubwa wa marehemu, akamfuata huko.

"Mama Kweyu, nasikia unaandikanga na simu. Tuandikie historia ya marehemu. Na mtoto umuweke. Ikishasomwa kaburini, hakuna mtu atauliza tena."

Ndivyo ilivyo kwao. Jina likisomwa mbele ya jeneza, mtoto ni wa boma. Lisiposomwa, ni wa mamake.

Gentrix akaiambia simu yote: Jescah mke wa nyumba, watoto wake watatu, na Kweyu wa nne, mwenye jina la babu yake. Ikatoka ndefu, na mchungaji alitaka fupi.

"Fupisha, ipendeze," akaandika.

Ikapendeza kweli. Alisoma mistari ya kwanza, ya mikono ya Shikanga na kicheko chake, machozi yakamziba macho. Akaituma kwa mchungaji vile vile.

Kaburini mchungaji alisoma, watu wakaguna kwa utamu wake. Gentrix akampandisha Kweyu begani ili aonekane.

"Ameacha mjane wake Jescah, na watoto wao watatu. Mungu ailaze roho yake…"

Shangazi wa marehemu akapiga makofi mara moja.

"Haya! Mwandishi mwenyewe amejiruka, sisi tumuweke wapi? Kumbe hata yeye anajua!"

"Ni simu, shangazi! Mimi nilimtaja!"

"Simu ndio ilizaa?"

Watu wakacheka, kwenye matanga, wakacheka. Ignatius alimtazama Gentrix kidogo tu, kisha akainama kuokota sepetu.

Siku ya kunyoa, ambapo watoto wa marehemu hunyolewa kumaliza matanga, walipangwa uani. Wembe ulipita vichwa vitatu, ukafutwa, ukafungwa kwenye kitambaa.

Gentrix aliketi ukingoni mwa barabara, miwa pande zote, akaiuliza simu kwa nini.

"Samahani sana, una haki. Nilipaswa kumtaja Kweyu. Hii hapa, nimerekebisha."

Na kweli, alikuwamo, ametajwa vizuri kuliko wote. Safari hii Gentrix alisoma mpaka neno la mwisho. Kweyu alikuwa amemlalia mapajani, na nywele zake zote kichwani.