Viti Vitupu vya Ndege ya Kaskazini

Severa aliuza ndizi za mshare katika genge lake Kariakoo, upande unaopakana na Mchafukoge, kwa miaka mingi kiasi kwamba wateja walimhesabu kuwa mwenyeji wa mji. Lakini kila malori yalipoingia kutoka kwao Kibosho, hakuuliza kwanza habari za bei. Aliwauliza matingo kama mlimani kumenyesha.

Masika moja ya miaka ya hamsini malori hayo yalikoma. Mvua ilikuwa imelichukua daraja na kuikata barabara ya Korogwe, mabasi yamesimama, na meli ya Tanga haikutazamiwa upesi. Ndipo mdogo wake, Eliasi, alipoleta habari kwa simu ya maandishi: mama yao hainuki tena, anamwita Severa.

Katika ukoo wao, mzazi anayekaribia kufa huwabariki wanawe mmoja mmoja. Hunywa funda la maziwa, humtemea mwana kifuani taratibu, na kulitaja jina lake. Ndugu wote walikuwa wamekwisha kubarikiwa. Amebaki yeye tu.

Sitara, mwanamke wa pwani aliyekaanga vitumbua jirani na genge, ndiye aliyemtajia ndege.

"Shoga, ndege si ipo? Asubuhi uko hapa, mchana unakula machalari kwenu."

"Ndege ya nani, yangu?"

"Kaulize tu. Wakikufukuza utarudi, vitumbua vyangu havihami."

Severa akajitanda kanga, akaenda Posta kwenye ofisi ya ndege. Karani kijana, Shaibu, alimwamkia shikamoo kwa adabu, akamtajia nauli. Hata angeuza genge zima, asingeifikia.

"Ndege imejaa?" aliuliza Severa.

"Haijai hata siku moja, mama. Leo wamepanda bwana mmoja wa mashamba na mkewe."

"Sasa inarukaje?"

"Serikali inaisaidia. Viti vitupu inavilipia yenyewe, ili safari isife na uwanja usifungwe."

Severa alifikiri kama abiria wa mabasi. Katika mabasi yetu, aliyelipia kiti asipotokea, aliyesimama hukaa, wala hapana amwitaye mwizi.

"Basi kiti kimekwisha kulipiwa," alisema, "na ushuru wa soko natoa mimi. Nipe nikae."

Shaibu alicheka, kisha akaona kwamba mama yule hatanii. Akashusha sauti. "Mama, kimelipiwa kibaki kitupu."

Sijapata kusikia siasa ya serikali ikielezwa waziwazi kiasi hicho. Hatukatai ndege. Uwanja ule mdogo wa kaskazini ungeweza kumfikisha mgonjwa kwa daktari na mtoto kwa mzazi wake. Lakini fedha ya umma inapomnunulia bwana mmoja nafasi ya kunyoosha miguu angani, huku daraja la watu wote likiachwa lichukuliwe na maji, hiyo ni dhuluma, hata wakiiita maendeleo.

"Na mzigo?" aliuliza Severa.

"Vifurushi vinakwenda, tena kwa bei nafuu."

Akaivua kanga mabegani, ikiwa bado na joto na jasho lake. Shaibu akaifunga karatasi bila kuuliza neno. Kisha Severa akampelekea Eliasi simu: mama aitemee baraka kanga hii, nayo irudishwe.

Akarudi kukaa gengeni bila ndizi. Alitamani sauti ya mfereji nyuma ya nyumba ya mama yake, na moshi wa jiko lile. Zaidi ya yote alitamani kuitwa jina lake kwa namna ambayo mama peke yake aliiweza, akiivuta silabi ya mwisho kana kwamba hataki kuiachia.

"Imerudi?" Sitara alikuwa akiuliza.

"Bado."

Barabara ilipofunguka, Eliasi alishuka kutoka lori la kwanza, mikono mitupu.

"Aliinusa, dada, akasema, ndiye huyu. Akaitemea maziwa, akakutaja jina. Lakini hakuiachia tena. Hata alipokwisha kukata roho tulijaribu kuitoa mikononi mwake, tukaona haya. Tumemzika nayo."

Severa alijishika kifuani palipostahili kulowa. Sitara akaja kuketi karibu naye.

"Sasa ile baraka, shoga, umeipata au hukuipata?"

"Ipo," alijibu Severa. "Iko Kibosho."

Kisha akamgeukia Eliasi, akamwuliza lori lile linarudi lini.