Mgeni Aliyesimama Muhutwe

Elieth Rutaihwa wa Buhembe aliingia kwenye kazi ya kukodisha magari akiwa na miaka arobaini na mmoja. Nyumba ya wageni alikokaa mapokezi kwa miaka kumi na miwili ilifungwa kwa matengenezo, wafanyakazi wakaambiwa watapigiwa simu, na simu haikupigwa. Alikuwa na Rav4 aliyoachiwa na marehemu mumewe, Kiingereza cha kutosha, na namba za wageni waliowahi kumzoea. Wageni hao wakaambiana. Miaka mitano baadaye alikuwa na magari mawili, na walinzi wa uwanja wa ndege wa Bukoba hawakumuuliza tena amekuja kumpokea nani.

Alikuwa na sharti moja ambalo hakumlegezea mtu. Mgeni aliyetaka kuendesha mwenyewe ilimbidi kwanza amwendeshe yeye Elieth kutoka uwanjani hadi mjini na kurudi, maana wengi hutoka nchi ambako magari hupita upande wa kulia. Wawili kati yao alikuwa ameshawanyang'anya funguo njiani.

Mgeni aliyeitwa Audax alishuka na ndege ya saa nne kutoka Mwanza, Jumanne moja ya mwezi wa sita. Sura ilikuwa ya Kihaya kabisa, kwa hiyo Elieth akamsalimu Kihaya. Mtu yule akatabasamu na kuomba radhi kwa Kiingereza. Alizaliwa Kamachumu, alisema, lakini baba yake alimchukua kwenda Norwe akiwa na miaka minne. Sasa alikuwa na thelathini na minane. Baba alikwishafariki. Mama alikuwa hai, na binamu aliyempata mtandaoni ndiye aliyemwelekeza nyumbani kwake.

"Nikupatie dereva," Elieth alimwambia. "Anajua njia, na lugha anaijua."

"Hapana. Nataka kwenda peke yangu."

Alipojaribiwa aliendesha vizuri, mikono miwili kwenye usukani, akawapisha hata mbuzi. Elieth akampa funguo za Rav4.

Saa saba mchana simu ikaita. Audax alikuwa Muhutwe, na gari, alisema, limekataa kwenda. Elieth alimfuata Dastan, fundi wake, wakapanda pikipiki ya Dastan na mfuko wa spana katikati yao. Njia nzima hadi Muhutwe Elieth alikuwa akipiga hesabu ya kipi kingeweza kuwa kimeharibika, kwa sababu gari lile lilitoka kwa fundi wiki iliyopita.

Walilikuta kando ya lami, limeegeshwa vizuri, taa za tahadhari zikiwaka. Audax alikuwa amekaa kwenye jiwe. Dastan akafungua boneti, akagusa nyaya za betri, akaingia ndani na kuzungusha ufunguo. Gari likawaka hapo hapo. Akalizima, akaliwasha tena, kisha akamtazama Elieth.

"Mama, gari hili ni zima."

Elieth alikasirika. Aliacha chakula mezani, na vumbi lilikuwa limemjaa hadi kwenye nyusi. Akamwendea mgeni na kumwambia kwa Kiingereza kile alichosema fundi.

"Najua," Audax alijibu. Hakuinua uso. "Nimefika hapa mara mbili. Nikifika kwenye njia ya kupanda Kamachumu nageuza."

Elieth akamwambia Dastan arudi mjini, akamwonyesha Audax kiti cha abiria, akashika usukani mwenyewe. Wakapanda mpaka Kamachumu.

Gaudiosa, mama yake Audax, alikuwa mlangoni pa nyumba iliyozungukwa na kibanja, shamba la migomba, amevaa gauni la kanisani. Alimshika mwanawe mikono, akamtazama masikio, meno, kucha, kama anayehakikisha kitu. "Omwana wange," alisema, mwanangu. Wakaingia ndani, wakapewa akamwani watafune, kahawa kavu ndani ya kikapu kidogo, na ebitoke, ndizi za kupikwa, vikaletwa vikiwa bado vinafuka mvuke. Audax alikula kila alichowekewa. Gaudiosa hakula.

Ndipo akamgeukia Elieth, akazungumza Kihaya polepole ili lisipotee neno. "Muulize kwa nini hakuja miaka yote hiyo."

Elieth akauliza. Audax alifuta vidole kwanza.

"Baba aliniambia mama aliolewa kwingine, na kwamba hakunitaka."

Elieth alikwishawatafsiria wageni bei za samaki na saa za ibada, lakini jambo kama hili hakuwahi. Aliwaza kulilainisha. Alimtazama mama yule, akaona anasubiri, akalisema lote kama lilivyotamkwa.

Gaudiosa akatikisa kichwa taratibu. "Kuolewa, niliolewa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano na nyumba haina mtu. Kutokumtaka ni uongo. Nilikwenda kwa padri mara tatu aniandikie barua ya kumtafuta. Mwambie hivyo, mara tatu."

"Mara tatu," Elieth akasema kwa Kiingereza.

Audax akarudia namba ile kwa sauti ndogo, kisha akafunika uso kwa viganja. Mama yake akasogeza kiti chake mpaka magoti yao yakagusana. Elieth akatoka nje, akajifanya anakagua matairi.

Jioni aliteremka Muhutwe kwa bodaboda, akapata gari la kumrudisha Bukoba. Rav4 aliwaachia. Audax alipaswa kuondoka Alhamisi. Akasogeza safari hadi Jumapili.

Jumapili hiyo aliingia uwanjani akiendesha mwenyewe, Gaudiosa amekaa mbele, mkanda umefungwa. Kwenye buti kulikuwa na mkungu wa ndizi ambao watu wa mizigo waliukataa kwa sababu ya uzito, na Audax alibishana nao kwa dakika kadhaa kabla ya kukubali. Mkungu akapewa Elieth. Mama na mwana wakaagana bila mkalimani. Audax alisema angerudi mwezi wa kumi na mbili. Elieth alikuwa amesikia wengi wakisema hivyo pale pale, wengine wakarudi na wengine wasirudi, kwa hiyo akaitikia tu.

Ndege ilipopotea juu ya ziwa, Gaudiosa alifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Gari hili amelikodi mpaka saa ngapi?" akauliza.

"Mpaka jioni, maawe," Elieth akajibu, akimwita mama kwa Kihaya.

"Basi nipitishe sokoni kwanza. Sijafika Bukoba tangu Pasaka."