Baruti Iliyorudishwa Mkebeni

Juzi kazini, nikihesabu vidonge vya mgonjwa, nesi mwenzangu aliniita. Nilivirudisha vyote chupani nikaanza upya, na papo hapo nikakumbuka harufu ya mafuta na chuma kwenye gereji ya nyumba yetu mjini Irving, nilipokuwa mtoto.

Baba alikuwa akitengeneza risasi za kuwindia kulungu ambazo hakuna duka lililoziuza. Alizibuni mwenyewe, akizibana shingo za maganda ya shaba hadi ziitoshee bunduki yake. Alasiri hiyo alikuwa akipima baruti na kuijaza, ganda kwa ganda, nami sikutulia, natoka naingia, maana aliniahidi kwamba kesho yake tungeenda kuzijaribu. Mara wageni wa kanisani wakafika, Mum akanituma.

"Baba, wageni wamekuja. Mum anasema ukuje uwasalimie."

Akaendelea kumimina. Nikamvuta shati. Mkono wake ukasimama hewani. Aliyatazama maganda, akashusha pumzi, kisha akaanza kuyamwaga moja baada ya jingine, baruti ikirudi mkebeni kwa sauti ya mchanga mkavu.

Nikadhani amekasirika, nikakimbia sebuleni nikawaambia wageni, "Baba hataki kuwaona." Mum alinifinya hadi machozi yakanitoka.

Sikujua kwamba nilikuwa nimempotezea hesabu, na kwamba ganda moja likijazwa mara mbili, bunduki ingeweza kumlipukia usoni.

Kesho yake, tulipofika mahali pa kuzijaribu, kabla ya kufyatua risasi ya kwanza, aliniamuru nirudi nikakae kwenye gari, mbali kabisa. Nililia humo peke yangu, nikidhani bado amenikasirikia.