Gramafoni ya inspekta ilivyotufundisha Kiingereza cha kukwama Mkongani

Salaam aleikum wakuu. Ninayoyaeleza yalinitokea mimi mwenyewe, sitii chumvi.

Nina miaka tisini na kidogo, mjukuu wangu ndiye anayenichapia. Jana alinisomea uzi wenu wa tablet za kufundishia Kiingereza vijijini.

Nikacheka, kisha nikakasirika.

Miaka ya hamsini nilikuwa mwalimu kijana, skuli moja huko Mkongani. Inspekta wa elimu, Mzungu, akatuletea gramafoni ya kutia ufunguo na santuri za Kiingereza.

Amri yake: "Mwalimu, wewe usiseme kitu. Matamshi yako yatawaharibu. Watoto waifuate mashine."

Mimi niliyesomea ualimu! Haya, nikanyamaza.

Wiki ya pili joto likazipinda santuri. Sindano ikifika kwenye "How do you do" inakwama: do you do, do you do, do you do.

Nikaandika barua ofisi ya elimu Kwale mara tatu. Jibu lao: endeleeni na vifaa mlivyopewa.

Inspekta akarudi kuchagua mwanafunzi mmoja wa kwenda intermediate, yaani skuli ya kati. Nilimtegemea Mwanasiti, binti wa mkulima wa mihogo, hodari kuliko wote.

Inspekta akampa mkono. "How do you do?"

Mwanasiti, kwa adabu zote: "How do you do, do you do, do you do, do you do..."

Darasa zima likaitikia.

Mzungu akaiva uso. "Mwalimu, umewafundisha nini hawa?"

Wakuu, nilichoka. "Bwana, mimi uliniambia ninyamaze."

Nikafunga kifuniko cha gramafoni. "Mwanasiti, mwanangu, mweleze kwa Kiingereza nguruwe walivyoingia shambani kwenu."

Akasitasita, halafu kile Kiingereza nilichomfundisha kabla ya mashine kikaanza kutoka. Makosa tele, lakini akaeleza baba yake alivyofukuzwa na nguruwe mpaka juu ya mkorosho. Inspekta akacheka, akauliza maswali, akajibiwa yote.

Nafasi akaipata. Alikuja kuwa mkunga Msambweni.

Na ripoti ya inspekta? "Maendeleo mazuri. Gramafoni itumiwe zaidi."

Nilitamani kulia!

Mimi siipingi mashine. Ila mtoto hujifunza kuzungumza akiwa na mtu wa kumsikiliza, na anayeileta mashine naye akubali kuambiwa imeharibika.

Walimu mlio vijijini na hizo tablet, mnasikilizwa? Andikeni hapa bila kuogopa, nitasomewa yote.