Bibi yangu anaitwa mchawi, na mimi nimeona kilichomo kwenye kibuyu chake

Admin, naomba ufiche jina langu na la chuo. Mimi si mwongeaji, hata darasani nikiulizwa swali sauti hainitoki, ndiyo maana naandika.

Nina miaka kumi na tisa. Nimemaliza kidato cha sita, sasa niko mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Tanga. Nimelelewa na bibi yangu mzaa mama huko Pongwe, kwenye shamba lake la michungwa. Sikuwahi kuwa na mpenzi mpaka nilipokutana na kijana tuliyekuwa tunasoma naye darasa moja hapa chuoni, nitamwita Haji. Kwao ni Mabawa, mama yake ni Mpemba. Aliona sizungumzi na watu, akaanza kunishikia kiti karibu yake. "Wewe nyamaza tu, mimi nitasema kwa niaba yetu wote," aliniambia. Alisema tukimaliza chuo atawaleta wazee wake kuniposa, na mimi nilimwamini.

Jumamosi moja nilimpeleka Pongwe apaone nilipokulia. Bibi alikuwa ameenda kwenye hitima kwa jirani. Kule kila mtu anajua shamba la bibi limefungwa kwa dawa ya wezi. Kwenye mchungwa wa mbele kunaning'inia kibuyu chenye kitambaa chekundu, ndilo fingo lenyewe. Inaaminika mtu akiiba pale tumbo litavimba mpaka mwenye shamba amzingue, yaani amfungue kwa maji na maneno yake. Haji akanyoosha mkono akachuma chungwa.

"Subiri bibi arudi," nikamwambia.

"Wezi ndio wasubiri. Mimi mkwe," akasema huku anamenya. "Fingo likiwa na akili litanijua."

Nilicheka, tukala wote.

Wiki ile ile akashikwa na tumbo. Hospitali wakasema ni kidole tumbo, apasuliwe haraka. Hapo ndipo Haji alipoogopa, akamweleza mama yake habari ya machungwa. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa wodi. Nesi alimbembeleza sana yule mama, akamwambia mtoto anachelewa. Yeye akajibu, "Tumbo la fingo halipasuliwi, mwanangu. Likiguswa na kisu mtu harudi." Haji naye akakataa upasuaji. Wakamtoa kitandani, wakampeleka Pongwe, na mimi nikiwa nao.

Mama Haji alipiga magoti uani kwetu. "Shikamoo mama. Mwanangu kakosa, nakuomba umfungue."

Bibi alimtazama Haji. Kisha akaingia ndani, akatoka na bakuli la maji, akanong'ona, akampaka Haji tumboni. "Nimemfungua," akasema. "Sasa mrudisheni hospitali." Mama Haji alikuwa analia na kushukuru, nadhani alisikia lile neno la kwanza tu. Njiani Haji akasema maumivu yamepungua, basi wakaenda nyumbani. Jioni akanitumia ujumbe: "Bibi kaniachia. Mwambie mahari asipandishe."

Kesho yake tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Walipomrudisha hospitali, daktari akasema kidole tumbo kilishapasuka na usaha umeenea. Haji wangu akafariki.

Msibani nilijua nitafukuzwa. Lakini mama yake alinivuta akanikalisha kwenye mkeka wake. "Wewe huna kosa," akaniambia. "Bibi yako alifungua kwa mdomo, moyoni hakufungua." Maneno hayo yamefika Pongwe. Sasa majirani hawamsalimii bibi, na jiwe limeshatupwa juu ya bati letu. Yeye anapika, anaswali, anafagia uwanja kama hasikii.

Nilishindwa kuvumilia, nikamuuliza bibi kuna nini kwenye kile kibuyu. Akakishusha, akakifungua mbele yangu. Kulikuwa na mchanga na kipande cha kanga yake kuukuu.

"Nilikitundika mwenyewe babu yako alipofariki," akasema. "Wezi walikuwa wanavuna kabla yangu. Hapa hajafika mganga."

"Kwa nini hukumwambia yule mama, bibi?"

"Angeniamini? Angesema nakataa kumfungua kwa roho mbaya. Nikaona nimpe maji atulie, ampeleke mtoto kwa daktari."

Nikamwambia basi twende Mabawa tukaseme. Akanishika mkono kwa nguvu. "Hapana. Akijua hakuna fingo, atajua ni nani aliyemtoa mtoto kitandani. Yule mama atakufa. Mimi nishazeeka, waache waniite wanavyotaka."

Tangu siku hiyo silali vizuri. Namlilia Haji, halafu nakumbuka kwamba angeweza kupona, nalia upya. Mama yake ananiita kula kwake kila Ijumaa. Ananipa nguo za Haji nizinuse, na mimi nakaa kimya kama kawaida yangu, anadhani ni huzuni tu. Ijumaa iliyopita aliniambia kinachompa usingizi ni kujua kwamba alifanya kila ambacho mama anaweza kumfanyia mwanawe. Tonge nikalirudisha kwenye sahani.

Halafu akaniambia niwe namkwepa bibi, kwa sababu wajomba zake Haji wameapa wataenda Pongwe arobaini ikipita. Hakusema wanakwenda kufanya nini, na mimi sikuthubutu kuuliza. Bibi nimemwomba ahame kwa muda, amekataa kuacha nyumba yake.

Arobaini imekaribia. Mama zangu mliomo humu ndani, hasa mliowahi kuzika mtoto, naomba mnijibu ninyi kwanza. Mngependa kuambiwa? Nimwambie mama Haji ukweli, au nimtii bibi ninyamaze? Nisaidieni mawazo, peke yangu nimeshindwa.