Mizinga ya Marehemu Baba

Miaka ile ya tisini, pale Inyonga, mwanamke akibisha tu aliitwa Beijing. Wanawake walikuwa wamekutana huko mbali kudai haki zao, redio ikatangaza, basi wanaume wakapata jina la kututania. Mama yangu aliitwa hivyo siku alipokataa kutoa mizinga ya marehemu baba.

Ilikuwa mizinga ya nyuki, ya magogo, imetundikwa juu ya miti porini, na ndiyo iliyotulisha na kunisomesha. Baba mkubwa, kaka yake marehemu, alisema ni mali ya ukoo kwa sababu mwanamke hapandi mti. Mama akamjibu mbele ya kikao, "Shemeji, na nikipanda je?" Walicheka weee! Baba mkubwa akasema haya, panda, urine, uteremshe asali salama. Ukiweza, ni yako.

Siku ya kurina sikutulia hata dakika. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama alivaa suruali ya baba, kaikaza kiunoni kwa kipande cha khanga, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Tulikuwa tumekubaliana: yeye anarina, mimi niko chini nashika kamba iliyopitishwa juu ya tawi, naishusha ndoo polepole. Nilifanya mazoezi nyuma ya jiko mpaka viganja vikachubuka.

Tulipofika mtini, mbele ya watu wote wa kikao, baba mkubwa akasema, "Atakayeshika kamba ya huyu Beijing asijihesabu mtoto wa ukoo huu." Alisema huku ananitazama mimi.

Mama akapanda. Jamani, alipanda! Moshi unamfunika, nyuki wanamvamia, akafungua mzinga, akajaza ndoo. Kisha akaita, "Mwanangu, shika kamba!"

Nilimsikia vizuri kabisa. Akaita tena. Nilikuwa najikuna mkono, naangalia chini, najichukia, na bado sikwenda. Mwishowe akajaribu kuishusha mwenyewe kwa mkono mmoja, mwingine umeng'ang'ania tawi. Kamba ikamponyoka. Ndoo ikaja chini puu, masega yakatapakaa mchangani.

"Mmejionea wenyewe," baba mkubwa akasema, na mizinga ikawa yake.

Siku hizi wajane wakija kuniuliza mambo ya mirathi nawafokea wasikubali kunyang'anywa. Wakiondoka, siwezi kukaa. Nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Siku ile, njiani kurudi nyumbani, nilisubiri mama anitukane. Uso wake ulikuwa umevimba, jicho moja halifunguki, anatembea haraka mpaka nikawa nakimbia nyuma yake. "Mama, si unichape tu!" nikamwambia huku nalia.

Hakupunguza mwendo.

"Uliogopa," akasema. "Hata mimi niliogopa. Ila mimi nilikuwa nimeshapanda."