Theluji ya Memsaabu Yakutana na Vumbi

Jamani, leo theluji imefika Geita, na imekiona cha moto!

Memsaabu, mke wa meneja wa mgodi, anatufundisha sisi walimu kuchora shamba la kwao lenye theluji, kwa rangi za mafuta. Mimi nikaweka ng'ombe.

"Futa! Wakati wa theluji ng'ombe wanakaa ndani!"

Eti ndani. Na chai wanakunywa?

Akaanika picha yake, nyeupe pe, rangi bado mbichi, kando ya njia ya mifugo.

"Memsaabu, saa hizi ng'ombe wanakwenda lamboni kunywa maji."

"Nyamaza, mwalimu."

Haya.

Ng'ombe wakapita. Vumbi likatua. Theluji ikawa nyekundu kama barabara ya Buseresere. Memsaabu akaangua kilio.

Nyie mngejizuia kucheka?

Mimi nilimuuliza tu: "Na hawa ng'ombe, niwafute?"